Mchango wa watoto wa maafa: ununue nini, lini, na upitie mkono wa nani

Swali, kwa kifupi. Mama mmoja wa Kadutu, Bukavu, mashariki mwa Kongo, ameandika kwa niaba ya akina mama wa shirika lao la parokia. Tangu maporomoko ya Bushushu na Nyamukubi, huko Kalehe, Mei 2023, wamekuwa wakiweka pesa kidogo kila juma kwa ajili ya watoto watakaopatwa na maafa mengine. Sasa wana dola 1,500. Anauliza kama kiasi hicho kinaweza kweli kumsaidia mtoto kupona, wanunue nini, na wampe nani. Ndugu yake aliyeko Ubelgiji anataka kutuma nguo na maziwa ya unga, na wawili kati yao wako tayari kuchukua mayatima nyumbani kwao.

Jibu

Mama, kinaweza, ila si kwa namna michango mingi inavyotumika. Mvua ikibeba kijiji, wiki ya kwanza barabara inajaa magari: biskuti, nguo, sabuni, na watu wa kupiga picha. Wiki ya sita hakuna gari hata moja. Na wiki ya sita ndipo mzazi ameshauza bashi (turubai) aliyopewa ili apate unga, ndipo shule imefunguliwa na mtoto hana daftari, ndipo jamaa aliyewapokea ameanza kuhesabu sahani. Mtoto anapona pale mtu mzima anayemlea anaposimama tena, na siku zake zinaporudi kuwa siku: kula kwa saa yake, kwenda masomo, kucheza na wenzake, kulala bila kushtuka mvua inapoanza.

Kwa hiyo, kabla ya kufikiria ununuzi, pangeni kalenda. Katika hizo 1,500, zisizidi 400 zitakazotumika majuma mawili ya kwanza. Wekeni 300 kwa ajili ya watoto waliotengana na wazazi na familia zinazowapokea. 600 ziende kwenye shule na kipato cha nyumba kuanzia mwezi wa pili baada ya maafa. 200 zilizobaki msiziguse hadi mwezi wa sita baada ya maafa. Mtalaumiwa wiki ya kwanza kwamba mnabana pesa na watu wanalia. Vumilieni lawama hiyo.

Hizo 400 za mwanzo ziwekeni kwenye maji. Maporomoko yakishapita, adui wa watoto ni kuharisha, na kwetu Kivu kipindupindu hakina likizo. Mto Mulongwe ulipofurika Uvira Aprili 2020, mfumo wa maji wa mji nao uliharibika, na ndivyo inavyokuwa karibu kila mara. Kipimo cha chini kinachotumiwa na mashirika ya misaada ni lita 15 kwa mtu mmoja kwa siku, kunywa, kupika na kunawa pamoja. Familia ya watu sita inahitaji lita 90, yaani bidoni (madumu) nne na nusu za lita 20. Mkinunua bidoni, changanyeni ukubwa: moja ya lita 20 kwa mtu mzima, na moja au mbili za lita 5 au 10, kwa sababu anayetumwa mtoni mara nyingi ni mtoto wa miaka minane, na bidoni ya 20 ikijaa ina uzito wa kilo 20. Angalieni kila bidoni ina kifuniko chake. Bidoni isiyo na kifuniko inazibwa kwa jani la mgomba au kipande cha mfuko, na maji yaliyotoka safi kwenye bomba yanafika nyumbani machafu.

Kwa vidonge vya klorini, kile cha miligramu 67 kinatosha lita 20 za maji yanayoonekana maangavu. Lakini maji ya baada ya maporomoko ni tope, na tope linakula klorini kabla haijafika kwenye vijidudu. Acheni maji yatulie kwenye ndoo, yamimineni taratibu mkiacha mashapo chini, yachujeni kwa kitenge safi kilichokunjwa mara nne, kisha tieni kidonge, tikiseni, subirini dakika 30. Yakibaki na ukungu, vidonge viwili. Hizo dakika 30 zielezwe kwa mdomo, nyumba kwa nyumba. Asiyeambiwa anakunywa palepale, harufu inamkera, na kesho vidonge vyote vinabaki kwenye mfuko. Ndiyo maana katika hizo 400 ningetoa posho kwa reko (wahudumu wa afya wa jamii) wawili wa kijiji hichohicho, wakae kwenye sehemu ya kuchotea maji asubuhi na jioni kwa majuma mawili. Vidonge bila mtu wa kufundisha ni pesa iliyotupwa.

Sabuni: gramu 450 kwa mtu kwa mwezi, ya kuoga na kufua, yaani karibu kilo 2.7 kwa familia ya watu sita. Toeni ya mwezi mzima kwa mara moja. Pakiti za SRO, yaani chumvichumvi za kunywa kwa anayeharisha, ziacheni kituo cha afya au kwa reko, pamoja na chupa ya lita moja yenye alama, kwa kuwa pakiti moja ni ya lita moja. Wengi huikoroga kwenye kikombe na kumpa mtoto kitu chenye chumvi kali. Mtoto wa chini ya miaka miwili anayeharisha anapewa mililita 50 hadi 100 kila baada ya choo, wa miaka miwili hadi kumi mililita 100 hadi 200, kwa kijiko au kikombe, polepole. Iliyokorogwa leo isinywewe kesho. Vidonge vya zinki vinaendelea siku 10 hadi 14 hata kuharisha kukikoma. Mtoto anayeharisha maji matupu, au macho yameingia ndani, apelekwe kituoni palepale huku akinyweshwa njiani, na nauli ya pikipiki ya safari hiyo ni matumizi halali ya mchango wenu.

Sasa maziwa ya unga. Mwambieni ndugu yenu wa Ubelgiji asitume hata kopo moja. Najua anafanya kwa upendo, na jambo hili linawaumiza wengi wakiambiwa. Maziwa ya unga yanataka maji safi, kuni za kuchemshia, chombo safi na kipimo sahihi kila baada ya saa chache, kwa miezi, mahali ambapo hivyo vyote vimesombwa. Mama anapewa kopo mbili, mtoto anaacha ziwa, ziwa linapunguza maziwa, kopo zinaisha, na hapo mtoto hana kimoja wala kingine. Baada ya tetemeko la Yogyakarta, Indonesia, Mei 2006, watoto wadogo waliopewa maziwa ya msaada waliharisha karibu mara mbili ya wale ambao hawakupewa. Hofu haikaushi maziwa ya mama. Inaweza tu kuyachelewesha kushuka, na mtoto akiendelea kunyonya yanarudi. Anachohitaji mama huyo ni mahali palipozibwa pa kukaa, chakula cha ziada, maji ya kunywa na mama mwenzake wa kumtia moyo. Kama kuna mtoto mchanga aliyefiwa na mama, huyo anahitaji mpango wa muuguzi, mtoto mmoja kwa mmoja, na kikombe badala ya chupa ya chuchu, kwa sababu chupa haisafishiki vizuri kambini.

Kwa watoto waliopita miezi sita, nunueni unga wa masoso palepale Bukavu, ule wa mahindi, soya na mtama, na pelekeni pamoja na mafuta na sukari. Sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, waliokaushwa na kusagwa wakitiwa kwenye uji huo ni kitu kizuri sana. Ila mtoto aliyekonda hatibiwi kwa uji. Reko ana utepe wa kupima mkono kwa wenye miezi 6 hadi 59: chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, kituo cha afya leo hii, 11.5 hadi 12.5 ni manjano, afuatiliwe. Zile pakiti za karanga za gramu 92, za kumtibu mtoto aliyekonda, zinatolewa kituoni bila malipo. Msizinunue sokoni hata mkiziona: zimetoka mdomoni mwa mtoto mwingine.

Nguo nitazipitia haraka. Usafiri na ushuru wa mzigo kutoka Ulaya mara nyingi unazidi thamani ya kilichomo, unafika miezi baadaye, na wauza mitumba wa Kadutu, ambao nao wana watoto, wanakosa wateja. Ndugu yenu atume pesa hizo za usafiri. Kinachokosekana siku zile ni viatu, nguo za ndani, blanketi, na vitambaa vya hedhi kwa wasichana, vyote vinapatikana hapa. Kiatu si urembo: kwenye udongo ulioporomoka kuna mabati, misumari na vioo, na pepopunda inaingilia kwenye kidonda cha mguu.

Kama siku moja mfuko wenu utaelekea Goma, hesabu zinabadilika kwa sababu ya ardhi yenyewe. Mwamba wa lava hauingii vigingi vya hema, unapasua bashi inayoburutwa, na shimo la choo halichimbiki, hivyo choo kinajengwa juu. Nunueni kamba nyingi na miti ya fremu kabla ya bashi zenyewe. Bashi ya mita 4 kwa 5 ina eneo la mita 20 za mraba ikiwa imetandazwa. Ikishakunjwa iwe paa na kuta, watu watano hawapati zile mita 3.5 kila mmoja zinazotakiwa. Na msikubali watoto walazwe kwenye mabonde na mashimo yenye mazuku, gesi ya sumu inayotoka ardhini: gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, inatulia chini, na mtoto, kwa kimo chake, anaivuta kabla mtu mzima hajahisi kitu.

Nakuja kwenye watoto wasio na wazazi, maana hapa ndipo nia njema inapoharibu zaidi. Baada ya maafa, mtoto aliye peke yake mara nyingi ana mtu wake mahali fulani. Volkeno ya Nyiragongo, karibu na Goma, ilipolipuka jioni ya 22 Mei 2021, watu walikimbia gizani, wengine Sake, wengine Gisenyi ng'ambo ya mpaka, Rwanda. Siku ya pili UNICEF ilitaja watoto zaidi ya 150 waliotengana na familia na wengine zaidi ya 170 waliohofiwa kupotea. Wengi walirudishwa kwao, kwa sababu kuna watu waliokaa chini na kuandika. Haiti, Januari 2010, kikundi cha kanisa kutoka Marekani kilikamatwa kikivusha watoto 33 kama mayatima. Wengi wao walikuwa na mzazi hai.

Kwa hiyo hao mama wawili wenye moyo wa kupokea, wawe familia za kupokea kwa muda, zilizoandikishwa. Mtoto hakabidhiwi kwa makubaliano ya mdomo. Huduma ya masuala ya kijamii, DIVAS, ijue, na jaji wa watoto ajue, kufuatana na sheria ya ulinzi wa mtoto ya 10 Januari 2009. Msalaba Mwekundu ndio unaotafuta jamaa, bila malipo. Kazi yenu ya saa za kwanza ni daftari na kalamu. Mtoto wa miaka minne ukimuuliza jina la mama yake atasema "Mama". Muulize: watu wanamwita mama nani? Anauza nini sokoni? Mnasali wapi? Mwalimu wako ni nani? Nyumbani wanakuita jina gani la utani? Kisha andika alivyokuwa amevaa, aliokotwa wapi, saa ngapi, na nani, na ndugu zake wasitenganishwe hata kwa usiku mmoja. Nguo aliyopatikana nayo itunzwe, kwa maana mama anaweza kumtambua kwa kitambaa. Picha yake na jina lake kamili visiingie WhatsApp. Anayetafuta mtoto wa kumwiba anasoma ujumbe uleule, na akifika ataweza kumwita kwa jina. Anayedai mtoto ndiye aeleze alama, mkilinganisha na daftari lenu bila kumsaidia.

Zile dola 300 ziifuate familia inayopokea: godoro, unga, nauli ya kumpeleka mtoto akaone jamaa waliopatikana. Na mnapotoa daftari, toeni kwa watoto wote wa nyumba hiyo. Nyumba yenye watoto watano ambapo mgeni peke yake amevaa viatu vipya ni nyumba ya ugomvi, na anayeumia ni mgeni. Kituo cha mayatima kiwe njia ya mwisho kabisa. Kikipata pesa kwa kila kichwa, kinatafuta vichwa, na wazazi maskini wanaanza kupeleka watoto wao huko.

Kuhusu mioyo ya watoto: majuma ya kwanza atakojoa kitandani hata akiwa na miaka tisa, atamng'ang'ania mama, atarudi kuongea kama mtoto mdogo, atacheza mchezo wa kuzika watu. Hayo ni ya kawaida baada ya jambo lisilo la kawaida, na kwa wengi yanapungua wakiwa na mlezi mtulivu na ratiba. Akipigwa kwa kukojoa, yanakaa. Wasichana na wavulana wakubwa wanaonyamaza kabisa wanasahaulika, watazameni pia. Ikipita mwezi mmoja na bado halali, hali, hachezi, au anasema heri angekufa (hilo la mwisho lisisubiri hata siku), apelekwe kwa mwanasaikolojia kupitia kituo cha afya. Mahali pa kuchezea hapahitaji pesa nyingi: uzio, kivuli, maji ya kunywa, mipira miwili, kamba za kuruka, chaki, ngoma, na watu wazima wawili wasiokaa kamwe mmoja peke yake na watoto, siku zilezile, saa zilezile. Pakifunguliwa Jumatatu na kufungwa Jumatano kwa kukosa posho, mtoto anapotelewa mara ya pili. Na asiulizwe asimulie mkasa mbele ya wageni. Akitaka kusema, msikilizeni. Akitaka kuchora tu, achore.

Shule ndiyo dawa ambayo ningeiwekea pesa nyingi kuliko zote. Inarudisha siku, inampa mzazi saa za kutafuta kipato, na mwalimu anayejua majina ndiye wa kwanza kugundua nani hayupo. Adui wa kwanza ni kwamba madarasa yamegeuka malazi. Zungumzeni na direkta (mwalimu mkuu) na mkuu wa kijiji tangu wiki ya pili familia zihamie wapi, la sivyo muhula unakwisha. Darasa la muda la bashi na miti linafaa kwa watoto 40, likiwa na mfereji kuzunguka na paa lenye mteremko. Bashi iliyolazwa tambarare inakusanya maji na kuwaangukia. Choo cha wasichana kiwe kando, chenye kitasa kwa ndani. Elimu ya msingi ni ya bure tangu Septemba 2019, lakini daftari, kalamu, yunifomu na viatu havikuwa bure kamwe, na ndivyo vinavyomfungia mtoto mlangoni. Mwombeni direkta kwa maandishi aruhusu kuingia bila yunifomu hadi mwisho wa mwaka, na pesa za yunifomu ziende kwenye daftari. Wa darasa la sita waangaliwe kwanza, kwa sababu ya mtihani wa kumaliza: orodha yao ifike mapema ofisi ya elimu pamoja na barua kwamba buletini (ripoti za alama) zimesombwa. Na mkumbukeni mwalimu. Naye amepoteza nyumba. Mkimpa bashi na unga, mmeokoa darasa zima.

Sehemu ya pili ya 600 ni kipato. Maporomoko ya 4 Mei 2023 yalitokea Alhamisi, siku ya soko Nyamukubi, mazao ya msimu wa pili yakiwa bado shambani. Familia ya hivyo inahitaji mbegu kabla ya Septemba, kilo chache za maharagwe, na jembe, au mtaji wa mama kurudia biashara yake. Mbegu zikifika Novemba zinapikwa. Pale ambapo soko linafanya kazi, toeni pesa taslimu au kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, mkilipia na ada ya kutolea, kwa jina la mama mlezi. Pale mnapoogopa pesa zitapotea, pangeni soko la jetoni, yaani vibao vinavyotumika badala ya pesa: wafanyabiashara wa hapohapo wanaleta bidhaa siku moja, bei imeandikwa ubaoni tangu jana yake, kila familia inachagua kwa jetoni zake, nanyi mnawalipa jioni kwa jetoni walizokusanya. Mama mmoja atachukua sufuria, mwingine mbegu, na wote wako sahihi.

Kwenye orodha ndipo mambo yanapovurugika. Ya nyumbakumi peke yake huvimba. Linganisheni na ya reko na ya direkta wa shule, na jina linalotokea kwenye moja tu liende kutazamwa nyumbani. Watafuteni waliopokewa na jamaa, kwani hawaonekani kambini na mara nyingi ndio wengi. Bandikeni ukutani vigezo, siku na kiasi, na maneno haya: msaada huu haulipiwi kwa pesa, wala kwa kazi, wala kwa mwili. Mpokea malalamiko awe mwanamke asiyegawa kitu. Kwa pesa zenyewe, sahihi tatu, risiti hata ya mfuko wa chumvi, na hesabu isomwe kanisani kila mwezi.

Yapo mawili ya kufanya juma hili, mvua zikiwa bado hazijaanza. Nendeni ofisi kuu ya zoni ya afya ya upande mnaoufikiria mkaombe majina ya reko na ya muuguzi wa lishe, ili siku yenyewe msianze kutafutana. Kisha nunueni vidonge vya klorini na SRO kidogo, muangalie tarehe ya kuharibika, mviweke mahali pakavu pasipo jua. Vikikaribia tarehe bila maafa, vipelekeni kituo cha afya kilicho karibu nanyi, mnunue vingine.